Filimbi ya kuitia kunguru: ninunue nyingine au nirekebishe hii?

Kisiki
Wakuu, habari za humu. Niko Kentucky, Marekani, msimu wa kuwinda kunguru unakaribia. Filimbi yangu ni ya plastiki, ya bei ya chini. Nikipuliza taratibu inatoa "kaa" nzuri tu, ila nikikaza pumzi inapiga yowe jembamba, na ikitumika kidogo inakwama kabisa. Ninunue ya mbao, ya akriliki, au hii inatengenezeka?

MzeeWaPori
Usinunue bado. Hayo ni matatizo mawili.

Kukwama ni mate. Tone likiingia kati ya ulimi (kile kipande chembamba kinachotetemeka ndani ya filimbi) na kibao cha sauti kilicho chini yake, ulimi unanata. Chukua karatasi ngumu, safi, ipitishe chini ya ulimi kuanzia mzizini kuelekea nchani. Usiuinue kwa kucha, ukipinda haurudi. Halafu punguza kutema mate ndani: pumzi itoke tumboni, ya moto, kama mtu anayepulizia miwani aifute.

Yowe ni ulimi mfupi mno au uliokaa upande. Kabla hujachomoa chochote, chora mstari wa penseli kwenye kibao pale ncha ya ulimi inapoishia. Bila alama hiyo utahangaika kuirudia sauti ya mwanzo. Toa kabari inayoushikilia ulimi, vuta ulimi nje nusu milimita, nyoosha, rudisha kabari, jaribu. Ukiurefusha, sauti inashuka na inadai pumzi zaidi. Ukipitiliza, unasikia upepo tu. Hapo rudisha nyuma kidogo.

FundiMbao
Naongezea kwenye ncha. Kona zake mbili zikatwe mshazari, kama milimita moja kila upande, maana kona kali ndizo zinazonasa kwenye mate. Mkasi uwe mkali, mkato mmoja. Nunua ulimi wa akiba ukatie huo, ule wa asili uuache mzima.

Ulimi wa mailari (plastiki nyembamba) wenye unene wa 0.25 mm unaitika kwa pumzi ndogo lakini ukikazwa unakimbilia juu. Wa 0.36 mm unavumilia. Kwa jinsi ulivyoeleza, mkuu, jaribu huo mnene kwanza. Kibao usikiguse na msasa! Mkunjo wake ndio unaobeba sauti, ukishaulainisha filimbi imekwisha.

Mbao ina sauti tamu, ila inafyonza unyevu na kuvimba, asubuhi ya mvua itakubadilikia. Akriliki haina shida hiyo, bei tu. Plastiki si kosa.

Kisiki
Shukrani sana. Nikishaweka sawa, nijuaje ndiyo sauti yenyewe?

MzeeWaPori
Usijisikilize mwenyewe, mdomoni inadanganya. Weka simu irekodi hatua hamsini mbali, kisha linganisha na kunguru halisi. Kunguru wa kawaida wa Marekani anakwaruza. Mkwaruzo huo hautoki kwenye ulimi, unautia wewe: nguruma kooni huku ukitamka "kaa" ndani ya filimbi. Kama ni laini na ya puani, umemwiga yule kunguru mwingine mdogo anayependa kando ya maji.

Anza na mwito wa kuita: "kaa" tatu au nne ndefu, zilizopishana sawasawa, kisha nyamaza usikilize.

BundiBandia
Hapo sikubaliani, mzee. Kama umeweka bundi wa plastiki juu ya mti, anza moja kwa moja na ugomvi: fupi, za haraka, zenye ngurumo, bila kupumzika, kiganja kikifungua na kufunga mdomo wa filimbi. Bundi ni adui yao, kunguru hawaitani kwa upole mbele yake. Bila bundi, sawa, anza kwa upole.

Kisiki, tarehe zihakikishe kwenye kanuni za jimbo lako: sheria ya shirikisho hairuhusu msimu uzidi siku 124 kwa mwaka, wala kuwinda wakati wa kilele cha kutaga na kuatamia. Na ukija kununua nyingine, ile ya zamani usiitupe. Moja iweke sauti nzito, nyingine sauti nyembamba, uzipige kwa kupokezana wasikie kunguru wawili.