Naomba ushauri: duka linataka magauni yangu bila jina langu

Habari zenu dada na kaka. Mimi hushona magauni ya kike ya mtindo wa kizamani: pamba laini, maua madogo madogo, marinda, lesi shingoni. Nilianza kwa kufumua gauni kuukuu la mtumba nililonunua soko la Gikomba, Nairobi, nikachora patani yake, yaani kiolezo cha kukatia kitambaa, kwenye gazeti. Leo nina cherehani mbili, vitambaa natoa Eastleigh, na oda za harusi zimejaa hadi usiku silali.

Juzi duka moja la mjini limeniagiza magauni 60, ila yawe na lebo yao. Pesa ni nzuri kweli. Lakini jina ndilo ninalolijenga! Laura Ashley wa Uingereza alianza na mumewe mwaka 1953, wakichapa vitambaa kwenye meza ya jikoni London, na jina hilo ndilo lililokuja kuandikwa kwenye maduka nchi nyingi.

Je, nisajili kwanza alama ya biashara pale KIPI (taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara) ndipo nizungumze nao? Na aliyewahi kushonea lebo ya mwingine, ulilinda vipi patani zako? Wanataka jibu Ijumaa.