Naomba ushauri: nianzie wapi kumsikiliza Helen Forrest?

Mtoto wa Dansi: Wakuu, salaam. Huyu mama wa Kimarekani hanitoki masikioni. Sisi tumezoea dansi: mwimbaji kwanza, sebene baadaye. Yeye kinyume. Bendi ya Artie Shaw inapiga weee, ndipo anaingia, anaimba kipande chake, anakaa. Na wimbo mzima dakika tatu! Halafu rekodi zinakwaruza. Nitafute zipi? Na kwa nini alibaniwa hivyo?

Mzee wa Santuri: Hakubaniwa mkuu, ndio mtindo wa enzi zile. Santuri ya inchi 10 ilibeba kama dakika tatu kila upande, watu walitaka kucheza, na mwenye jina ni kiongozi wa bendi. Alitoka kwa Shaw 1939 akaenda bendi ya Benny Goodman, na 1941 akajiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Harry James. Huko alitaka nyimbo zipangwe zimzunguke yeye, asichomekwe katikati, na James akakubali. Anzia hapo. Sikiliza anavyomaliza mstari: hapigi kelele kuonyesha ubavu, anauachia tu, tarumbeta inapokea.

Bibi Gramafoni: Napinga. Za Shaw ndizo tamu. Kwa nafasi ile finyu hana muda wa madoido, anasema lake anatoka. Na bendi hiyohiyo, 1938, alikuwemo mwimbaji Billie Holiday, kwa hiyo usidhani ilikuwa kazi ya kubahatisha.

Mtoto wa Dansi: Nimekuta za James nyingine safi kabisa, hazina hata mkwaruzo. Nichukue hizo?

Mzee wa Santuri: Angalia mwaka kwanza. Huenda ni za 1955, walipozirudia kwa kampuni ya rekodi ya Capitol, kwa mitambo mipya. Si mbaya, ila ni yeyeyule Forrest lakini kama mwanamke mwingine anayeimba, ametulia mno. "I've Heard That Song Before" ya awali ilirekodiwa 31 Julai 1942, na kesho yake chama cha wanamuziki kikaanza mgomo wa kurekodi. Mwaka uliofuata ikashika namba moja. Mikwaruzo ivumilie, zilizosafishwa kupita kiasi zinaondoka na pumzi zake pia.

Bibi Gramafoni: Hapo kwenye usafishaji namuunga mkono. Ukimaliza, tafuta alizoimba na mwimbaji Dick Haymes, za kampuni ya Decca, kuanzia 1944.

Mtoto wa Dansi: Ahsanteni sana. Naanza na Shaw, mzee usinune.