Tupeane uzoefu: Msalaba na ufufuo vilikugusa wapi maishani?

Mwanzisha mada (Kisauni)
Wapendwa, Bwana asifiwe. Ijumaa Kuu makanisa ya Mombasa hufurika, Jumapili tunaimba mpaka sauti zinakauka. Naomba ushuhuda, mahubiri tuwaachie wachungaji.

Naanza. Nimelelewa karibu na Kengeleni. Kengele ile ni ya Frere Town, makazi ya waliokombolewa utumwani kuanzia miaka ya 1870. Nyanya alitusimulia kuwa wazee wake walishushwa hapo kutoka kwenye jahazi la watumwa. Nilipokua ndipo nikafahamu kwamba Warumi waliwasulubisha hasa watumwa na waasi. Paulo anawaandikia Wafilipi kuwa Kristo "akatwaa namna ya mtumwa", akatii hata mauti ya msalaba. Hebu fikiria mtu mwenye kovu la mnyororo mguuni akisomewa hayo. Mungu amekufa kifo cha watu kama yeye! Tangu hapo siwezi kuutazama msalaba kama pambo la shingoni.

Mama wa Mtongwe
Ndugu yangu alikuwa kwenye feri ya Mtongwe, 29 Aprili 1994. Walikufa watu 272. Pasaka mwaka ule ilikuwa tarehe 3, kwa hiyo kanisani bado tulikuwa kwenye majira ya Pasaka, aleluya kila Misa. Niliichukia aleluya ile. Siku ya mazishi padri aliuweka mshumaa wa Pasaka karibu na jeneza. Nta ilikuwa imechirizika upande mmoja, na zile chembe tano za ubani, alama ya madonda ya Yesu, zilikuwa mbele ya macho yangu. Nilizitazama Misa nzima. Amefufuka, lakini madonda anayo! Basi na mimi sikulazimika kujifanya nimepona. Bado nalia, na aleluya naimba.

Wa Majengo
Pole sana mama.
Kwetu upande wa mama ni Waislamu. Mjomba huniuliza, Mungu amwacheje mtume wake afedheheshwe hivyo? Kwao Isa hakusulubiwa, imo katika Sura An-Nisaa. Hatubishani kwa ukali, Idi tunakula kwake na Pasaka anakula kwetu. Ila swali lake lilinifaa kuliko mahubiri mengi, maana Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kuwa Kristo aliyesulubiwa ni kikwazo kwa wengine na upuzi kwa wengine. Sisi tumeizoea fedheha ile hata haitushtui tena.

Kijana wa Likoni
Mimi Ijumaa naielewa, maana shida naijua. Jumapili ndiyo hainiingii. Baba alifariki mwaka jana, na kila nikiambiwa "amefufuka" naona ni maneno tu. Nimeacha kwenda.

Mwanzisha mada (Kisauni)
Mdogo wangu, asante kwa kusema kweli. Soma Yohana 20. Tomaso alikataa kata kata mbele ya wenzake, na baada ya siku nane bado yumo nyumbani pamoja nao, hawajamfukuza. Yesu alipokuja alimwonyesha mikono yake, na akamkuta palepale kati ya ndugu. Usikae peke yako. Jumapili nitavuka feri asubuhi nije tusali huko kwenu, niandikie pembeni unieleze ibada inaanza saa ngapi.