Mliowahi kwenda misheni mkarudi likizo, ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Mama wa Machame

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mdogo wangu na mumewe wanarudi mwezi ujao kutoka Zambia, walikotumwa na kanisa miaka minne iliyopita. Tangu wiki jana simu yangu haipumziki. Huyu anataka wahubiri usharikani kwake, yule anataka wawe wageni rasmi kwenye uzinduzi wa kwaya. Hawajafunga hata begi. Ndiyo maana nafungua uzi huu, tuliopitia hayo tuseme ilivyokuwa kabla hatujawachosha wenzetu.

Naanza mimi. Mimi na mume wangu tulikuwa Montepuez, mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, tangu Januari 2011. Likizo ya kwanza tuliipata Desemba 2014, miezi mitatu. Tulipanda chapa (ndivyo wanavyoziita daladala zao) hadi Mueda, halafu lori kwenye barabara ya vumbi hadi Negomano, tukavuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja. Daraja lilikuwa limefunguliwa 2010, bado jipya jipya. Upande wa Mtambaswala afisa aligonga mihuri, akatazama watoto, akasema, "Haya, mmefika nyumbani." Mume wangu akageukia mtoni akasimama pale muda mrefu. Alikuwa analia, hakutaka watoto waone.

Sasa Desemba ya Kilimanjaro mnaijua. Mlima mzima umerudi, barabara ya Machame imejaa magari ya kutoka Dar, kila kihamba (shamba la ukoo) kina wageni. Tukapokelewa kama wote waliotoka mjini. Watu wakauliza tumejenga wapi. Jumapili ya kwanza tukasimamishwa mbele, Jumapili ya pili tukatakiwa kutoa taarifa. Baada ya ibada ukafanyika mnada, mkungu wa ndizi ukanunuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena, fedha zote zikaja kwetu. Nilishukuru kwa moyo wote, na sitasahau. Lakini baada ya hapo tulizunguka sharika kumi na tisa kabla ya mwisho wa Februari. Mume wangu alipoteza sauti kabisa wiki ya sita, na bado akapangiwa kuhubiri.

Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka sita. Tulipoondoka alikuwa na miaka miwili, kwa hiyo alichokijua ni Montepuez, joto lake na Kimakua cha watoto wa jirani. Usiku mmoja kwa bibi yake, amevaa masweta mawili kwa baridi, akaniuliza, "Mama, kwetu tunarudi lini?" Bibi yake alikuwa amekaa pale pale anamenya ndizi za mtori. Alisikia. Hakusema kitu, aliendelea kumenya.

Jambo moja lilinibeba likizo ile yote. Kuna mama mmoja mzee, mjane, siku ya ibada hakuja mbele. Alinisubiri nje karibu na bomba, akatoa kwenye kanga daftari la shule la kurasa 40. Ndani alikuwa ameandika kila ombi tulilowahi kuandika kwenye barua zetu, na tarehe barua iliposomwa kanisani. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Huyu mtoto wa mwinjilisti aliyeungua mguu na uji. Alipona?" Miaka miwili alikuwa anamwombea mtoto asiyejua hata sura yake. Nikamwambia alipona, anacheza mpira. Akaomba kalamu, akaweka alama ya vema, akafunga daftari.

Haya, nanyi semeni.

Dada wa Padre

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi si mmisionari, ni dada yake. Kaka yangu ni padre, yuko Brazil, kwenye parokia yenye vigango vingi vya kando ya mto vinavyofikiwa kwa boti. Shirika lake linampa likizo ya nyumbani kila baada ya miaka mitatu.

Alipokuja mara ya kwanza, kwetu Mbinga, mama alikuwa ameweka mbasa wa Ziwa Nyasa tangu asubuhi. Kaka akala, akaenda kulala. Akalala siku tatu, anaamka kula na kusali tu. Siku ya nne maneno yakaanza kijijini kwamba padre amefukuzwa, padre anaumwa ugonjwa wanaouficha. Mzee mmoja tunayemheshimu alikuja kumuuliza baba ana kwa ana. Kwetu mtu aliyetoka ng'ambo akilala mchana, basi kuna tatizo.

Halafu ikaja foleni. Ada za shule, bati, mchango wa harusi, mtoto atafutiwe chuo Ulaya (Brazil na Ulaya kwao ni kitu kimoja). Kaka ana nadhiri ya ufukara, posho yake mwezi mzima hainunui hata bando la bati. Hakumjibu mtu vibaya, lakini nilimwona anavyopungua siku hadi siku.

Aliyemwokoa ni baba. Alimchukua alfajiri wakaenda shambani kupogolea kahawa, wawili tu, bila simu. Kila siku, wiki mbili. Ilikuwa huko shambani, wiki ya tatu tangu afike, ndipo alipoanza kusimulia: boti kuharibika injini usiku, mwenzake kufa, yeye kuzika watu kwa lugha ambayo hajaijua vizuri. Baba hakuwa na maswali, alikuwa anakata matawi na kusikiliza. Kaka anasema mpaka leo ile ndiyo likizo aliyoipata.

Mrabai

Bwana asifiwe. Mimi ni wa Rabai, Kilifi, pale lilipo kanisa la kale la wamisionari Krapf na Rebmann ambalo sasa ni makumbusho. Krapf alifika Mombasa 1844, Rebmann akamfuata 1846. Krapf hakukaa kwa sababu ya afya, lakini Rebmann alibaki hadi 1875. Alifika Misri, akaoa huko, akarudi. Kwao Ujerumani hakurudi hadi macho yalipokaribia kuzima kabisa, mkewe amekwisha kufa miaka mingi nyuma. Alifika kwao 1875, akafariki 1876. Miaka karibu 30 bila kuona kwao, halafu alipofika hakuweza kukuona tena. Nikipita pale makumbusho huwa nafikiria hilo kuliko habari za yeye kuona theluji ya Kilimanjaro.

Wengine walirudi kwao, na likizo zao zikabadilisha mambo huku kwetu. Livingstone alirudi Uingereza 1856 baada ya miaka 16, mwaka uliofuata akahutubia chuo kikuu cha Cambridge, na kutokana na hotuba zile ikaundwa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuja kuweka makao Zanzibar 1864 na baadaye kujenga kanisa Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Kwa hiyo sisemi wanaorudi wasizungumze. Nasema tusiwafanye wazungumze hadi wakauke.

Mimi mwenyewe nilitumika Marsabit, kaskazini mwa Kenya, miaka mitatu. Nyumbani ni nchi moja, lakini mtu wa pwani akikaa kule, maji ya kunywa yanafuatwa mbali, upepo usiku kucha, akirudi Rabai akaona minazi na mvua, anakosa la kusema. Niliulizwa na kila mtu, "Watu wangapi wameokoka?" Hakuna aliyeuliza kama nilikuwa na rafiki.

Mhaya wa Wuppertal

Habari zenu. Mimi ni mtoto wa mchungaji. Dayosisi yetu ya Kaskazini Magharibi, Bukoba, ni mwanachama wa UEM, umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani wenye ofisi Wuppertal. Tangu 1996 umoja ule si wa Wajerumani kutuma watu huku tu, na sisi tunatumwa kwao. Baba alitumwa. Tulikwenda nikiwa na miaka minne, tukaja likizo nikiwa na saba.

Nitasema jambo moja tu, kwa sababu mdogo wa mwenye uzi huenda ana watoto: MALARIA.

Wazazi wangu walifikiri mimi ni Mhaya, nimezaliwa Bukoba, nitashindwaje na mbu wa kwetu? Tulilala kwa shangazi bila chandarua kwa sababu wageni walikuwa wengi. Wiki ya tatu nikapata homa, jioni ile ile degedege. Niliongezewa damu. Ninachokumbuka ni dari la wodi na harufu ya senene ambazo mama wa kitanda cha jirani alikuwa akila, ulikuwa msimu wake. Daktari alimweleza baba kwamba ile kinga kidogo ya malaria tuliyo nayo watu wa kwetu inajengwa kwa kuumwa mara kwa mara, na ukikaa miaka nje inashuka. Mtoto aliyeondoka mdogo anarudi akiwa kama mgeni kabisa. Tena tukirejea Ujerumani, homa yoyote hata baada ya miezi, daktari aambiwe kwanza kwamba mtu ametoka Afrika Mashariki, maana kule hatafikiria malaria mwenyewe, na kuna vimelea vinavyoweza kukaa kwenye ini muda mrefu kabla ya kuamka.

Kwa hiyo chandarua siku ya kwanza, kabla ya pilau. Wale wanaotoka Zambia hatari ni ndogo kuliko yetu kwa sababu na kule malaria ipo, lakini kama walikuwa sehemu ya baridi au mjini sana, wasijiamini.

Nesi Mstaafu

Nimesoma nikakumbuka mbali. Nilifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya misheni na nesi mmoja Mmarekani, wa Minnesota. Enzi hizo utaratibu wao ulikuwa miaka minne huku, mwaka mmoja kwao. Sisi tulidhani anakwenda kupumzika. Alikuwa anakwenda kutembelea makanisa yote yanayomchangia, moja baada ya lingine, majira ya baridi, na mengine ni mbali kama Dar na Mwanza. Aliporudi aliniambia sehemu nyingi alipewa dakika tano katikati ya matangazo. Dakika tano kwa miaka minne! Alikuwa amekonda.

Alikuwa na kaseti aliyorekodi wodi ya wazazi, akina mama wakiimba alfajiri. Alisema mahali walipomkubalia aipige yote hadi mwisho, watu walikaa kimya, na bibi mmoja akamwomba aipige tena. Mimi ni mmoja wa sauti zile. Alinikumbatia akinieleza hilo.

Na nyie mnaowatuma, kumbukeni na wanaoachwa. Mwaka ule alipoondoka hakuna aliyetuandikia barua hata moja kutuambia kama atarudi.

Mhazini wa Usharika

Wapendwa, mimi nimekuwa upande wa wanaopanga hizo ziara, na nimewahi kukosea. Tulimpangia mwinjilisti wetu sharika nane ndani ya wiki nne za kwanza, akaanguka madhabahuni. Tangu siku ile tumebadilisha.

Mwezi wa kwanza hakuna ratiba. Anatafutiwa nyumba yake, asikae chumba cha wageni kwa ndugu ambako hawezi hata kugombana na mkewe kwa uhuru. Anapimwa afya yeye na familia kwa gharama yetu. Posho inaendelea kama kawaida (kuna wanaodhani likizo ni bila posho, jamani, watoto wanakula). Anapewa muda wa kufuatilia yake: pasipoti, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa nje, michango yake NSSF kama ilipelekwa au ilisimama. Mambo haya yakiachwa, mtu anafika miaka 60 hana kitu.

Mwezi wa pili ndipo anazunguka, Jumapili moja usharika mmoja, na anapewa saa nzima. Sio dakika tano, nesi wetu.

Mama wa Machame, vipi, mlirudi tena Msumbiji?

Mama wa Machame

Tulirudi Machi 2015, tukamaliza muda wetu mwanzoni mwa 2018. Miezi michache kabla, Oktoba 2017, mapigano yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia, mkoa ule ule. Baadaye watu walikimbilia Montepuez kwa maelfu, na wale tuliowaacha wakawafungulia nyumba zao wakati wenyewe hawana.

Mrabai, hilo swali la rafiki limeniuma. Nitamuuliza mdogo wangu. Mhaya, nimeshanunua vyandarua viwili. Mhazini, ujumbe wako nimeupeleka kwa mchungaji wetu kama ulivyo, naye amekubali mwezi wa kwanza waachwe. Simu zinazokuja najibu mimi.

Yule mama wa daftari yupo, macho yamepungua, sasa anaandikiwa na mjukuu. Nilipomwambia mdogo wangu anakuja, alinituma dukani: lile la zamani limejaa, anataka jingine la kurasa 80, na niandike mwenyewe ukurasa wa kwanza majina ya watu wao wa Zambia. Nimeyapata kumi na moja. Ngoja nipige simu niulize mengine.