Niliuziwa "mbwa wa tiba" aliyelelewa stoo. Nataka fedha zangu

Assalaam alaykum. Nimengoja wiki tatu hasira zinipungue ndipo niandike, na hazikupungua. Namlalamikia mfugaji mmoja wa hapa Unguja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado namdai, anayeuza watoto wa mbwa kwa tangazo lisemalo kwamba ni "mbwa wa familia na wa tiba, wameshazoeshwa watoto na wageni". Mbwa wa tiba ni yule mtulivu anayezoeshwa kuwaliwaza wagonjwa na watoto.

Mwanangu ana miaka 8 na ana usonji. Hapendi kuguswa na watu, lakini kwa mjomba wake huko Dar es Salaam hukaa saa nzima na mbwa mmoja mzee, mkono wake juu ya mgongo wa mnyama, na huo ndio wakati anaozungumza kuliko wakati wowote. Tulilifikiri jambo hili mwaka mzima. Sisi ni Mashafii, tunaijua hukumu ya mate ya mbwa na kuosha mara saba, moja kwa udongo, na mbwa tulimtengea baraza lake na vyombo vyake. Kwa hiyo naomba asije mtu hapa kunisomesha hilo. Nililipa shilingi milioni moja na laki nane kwa Labrador wa wiki 15, na sehemu kubwa ya bei hiyo, kwa maneno ya muuzaji mwenyewe, ilikuwa ya malezi, si ya mbegu.

Siku aliyofika, mama mkwe alikuja kututazama akiwa amevaa buibui na nikabu. Kilebu kile kilijikojolea papo hapo, kikajibana nyuma ya pipa la maji, na hakikutoka hadi usiku. Vespa ikipita uchochoroni, hutetemeka. Mvua ikipiga bati, hulia. Siku ya nne mwanangu alimfuata kule pembeni alikojificha, akang'atwa kidole. Tuliliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukakimbilia hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa, kwa sababu kadi aliyokuja nayo ilionesha kuwa alichanjwa kichaa akiwa na wiki 5. Daktari wa mifugo alipoisoma kadi ile alinitazama usoni kwa muda, kwani chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa mtoto wa mbwa anapofika wiki 12.

Ukweli niliupata kwa kijana aliyekuwa akisafisha mabanda huko. Watoto wote wa uzao ule walifungiwa stoo tangu walipozaliwa, chakula kikiingizwa mlangoni, wala hapakuwa na mtoto wala mgeni yeyote aliyewashika.

Anayeuza mbwa kwa jina la tiba hawezi kusema hakujua. Mtoto wa mbwa huwa na dirisha la kuuzoea ulimwengu, tangu wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14, na anachokutana nacho kwa upole katika muda huo hukiona kuwa cha kawaida, ilhali asichokutana nacho hukiogopa. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1961, watoto wa mbwa walilelewa uwanjani bila kukutana na binadamu, na wale waliofikisha wiki 14 hivyo hivyo walikuwa kama wanyama wa porini. Huku kwetu malezi hayo yana sura yake: mbwa aone buibui, kanzu na bakora ya mzee, asikie azana ya alfajiri kwenye kipaza sauti, mkokoteni wa hamali, jenereta umeme ukikatika, na mtoto anayepiga kelele ghafla kisha akakimbia. Haigharimu fedha, inataka mtu wa kukaa naye dakika chache kila siku. Kazi hiyo ndiyo niliyoilipia, na haikufanywa.

Nilipompigia, muuzaji alisema aliwafungia kwa kuogopa parvo, ule ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa. Parvo ni ugonjwa wa kweli, na kirusi chake hukaa udongoni kwa miezi na kubebwa na nyayo za viatu. Lakini mtoto wa mbwa hubebwa mikononi, huketishwa garini kando ya soko la Darajani akatazama watu, na wageni huletwa nyumbani wakanawa mikono. Viatu kwetu huachwa mlangoni hata kabla ya mtu kuombwa! Madaktari wa tabia za wanyama wa Marekani walishatoa msimamo mwaka 2008 kwamba kilebu anaweza kuanza mafunzo pamoja na wenzake tangu wiki ya 7 au 8, angalau siku 7 baada ya chanjo yake ya kwanza. Hoja hiyo ilipomshinda, akasema mwanangu ndiye aliyemharibu mbwa, kisha akaifunga namba yangu.

Na hilo neno "tiba" kwenye tangazo ni uongo hata kama angewalea vizuri. Mashirika yanayosajili mbwa wa tiba huko Marekani kwa kawaida hayampimi mbwa asiyetimiza mwaka mmoja, kwa sababu tabia yake bado haijatulia. Mtoto wa wiki 15 anaweza kuuzwa kama mbwa aliyeandaliwa vizuri, basi.

Mbwa sitamrudisha, maana najua atarudi stoo, na daktari anasema kwa miezi mingi ya subira huenda akafaa kulinda, si kukaa na mtoto. Ninachodai ni sehemu ya bei iliyoitwa ya malezi, gharama za sindano za mwanangu, na tangazo lile liondolewe kabla ya uzao unaofuata, ambao kijana wa mabanda ananiambia umeshazaliwa na uko stoo ile ile. Aliyenunua kwake naye aeleze hapa mbwa wake alichukuliwa akiwa na wiki ngapi, na kadi yake ya chanjo imeandikwa nini.