Mvi: hina, hina na nili, supa bleki au rangi ya saluni? Tulinganishe

Mpandamhina

Wakuu, maswali ya mvi hayaishi na majibu huchanganya vitu visivyofanana. Naanza na majani, wenzangu wa saluni wataongezea.

Hina haiondoi weusi, hukaa juu ya ilichokikuta. Nywele nyeusi hubaki nyeusi zenye wekundu kidogo juani, ila mvi hugeuka rangi ya shaba. Kama mvi zimetawanyika, inapendeza. Kama zimejaa panja zote mbili, utapata mabaka ya rangi ya chungwa, na hapo ndipo watu huilaumu hina bure.

Kipimo: gramu 100 kwa nywele fupi, 200 hadi 300 zikifika mabegani. Koroga kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa ndimu mpaka iwe kama mtindi mzito. Ngozi ya kichwa ikiwa kavu punguza ndimu, maana ndiyo inayowasha. Funika. Kwa joto la pwani saa nne hadi sita zinatosha. Kwenye baridi iache usiku kucha. Uso wa juu ukigeuka kahawia na chini ukiwa bado kijani, imeiva. Kabla ya kupaka, osha nywele kwa shampuu na usitie mafuta yoyote, kwani mafuta huizuia hina isishike. Kaa nayo saa mbili hadi nne chini ya mfuko wa nailoni, kisha suuza kwa maji matupu. Usitumie shampuu kwa siku mbili. Chungwa la siku ya kwanza lisikutishe, litakolea lenyewe siku ya pili na ya tatu.

Anayetaka weusi aongeze nili, yaani unga wa majani ya mnili. Ile buluu ya kufulia nguo siyo! Nili haitaki ndimu wala kungoja. Maji ya uvuguvugu, chumvi nusu kijiko cha chai kwa gramu 100, subiri dakika 10 hadi 15, paka hapo hapo. Ikikaa bakulini inakufa. Kwa weusi kamili ni hatua mbili: hina kwanza, suuza, kisha nili saa moja hadi mbili. Ukiruka hina ukapaka nili juu ya mvi tupu, unapata kijivu chenye ubuluu au ukijani. Kwa kahawia iliyokolea, changanya nili mafungu mawili na hina fungu moja, hina ikiwa imeshaiva. Wasiopenda nyeusi tupu kwa sababu za dini wengi huishia hapa.

Saluni_Ilala

Bi Mpandamhina kamaliza upande wake. Mimi na rangi za dukani.

Supa bleki ya unga ndiyo nafuu na ya haraka: pakiti, maji, dakika 20 hadi 30, mvi zote zimepotea. Kasoro ni mbili. Weusi wake ni wa namna moja tu, hivyo nywele zikiota mstari mweupe unaonekana mapema. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Kasoro ya pili ni vinyozi kuiacha hadi ikauke kichwani wakidhani itashika zaidi. Haishiki zaidi, inakula ngozi tu.

Rangi ya tyubu ya saluni inakupa chaguo. Kwa mvi, peroksidi (dawa ya kuchanganyia rangi) ni asilimia 6, basi. Kuna mafundi wanaochukua asilimia 12 wakidhani mvi ngumu zinahitaji nguvu. Nguvu hiyo hupausha nywele kuliko inavyoingiza rangi, na baada ya wiki tatu kichwa kinakuwa chekundu. Tumia rangi za asili, zile zisizo na dhahabu wala zambarau, au ziwe angalau nusu ya mchanganyiko. Uwiano fuata boksi. Nyingi ni fungu moja la rangi kwa fungu moja la peroksidi. Anzia panja na utosini penye mvi nyingi, dakika 35 hadi 45. Kila wiki nne hadi sita rudia mizizi tu, ncha usiziguse ila dakika tano za mwisho kama zimepauka.

Wenye nywele za dawa: lainisha kwanza, kisha subiri wiki mbili ndipo upake rangi. Vyote siku moja ni kukatika.

Mfamasia_Unguja

Naomba tusimame kwenye supa bleki, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Kinachotia weusi ndani yake ni parafenilenidiamini, kwenye boksi huandikwa PPD au p-phenylenediamine. Hiyo hiyo ndiyo iko kwenye piko, inayoitwa “hina nyeusi”. Hina safi haiwi nyeusi kamwe na haikolei kwa nusu saa. Sheria za Ulaya zinaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na haziruhusu kuchorwa kwenye ngozi. Piko huwa haina kipimo chochote.

Bibi harusi anachorwa piko mikononi, inamwasha kidogo, inapita. Miaka kumi baadaye anapaka supa bleki kufunika mvi, na kesho yake macho yamefumba kwa uvimbe. Mwili uliisoma PPD mara ya kwanza na hausahau. Aliyewahi kuwashwa na piko asiguse rangi yenye PPD, hata kwa “kujaribu kidogo”.

Wengine wote wapime: tone nyuma ya sikio, lisioshwe, subirini saa 48. Si nusu saa, maana mzio huu hukawia. Uvimbe wa macho au kupumua kwa shida ni hospitali mara moja. Pakiti ziwekwe mbali na watoto; ikimezwa huvimbisha koo na kuua figo.

Hina nayo ina watu wasiopaswa kuigusa. Wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao ni wengi kwenye ukanda wa malaria kama wetu, inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Watoto wachanga msiwapake kabisa.

Kaka_Ndevu

Je, kuzuia? Kitunguu maji, habat soda, mafuta ya amla, vidonge?

Mfamasia_Unguja

Kaka, vya kupaka hakuna kilichothibitika. Unywele uliokwisha kutoka nje umekufa, hauwezi kutengenezwa rangi upya; rangi huwekwa chini, kwenye shina, na seli maalumu ambazo hupungua kwa umri na kwa urithi. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya kuwa msongo mkali humwaga noradrenalini, kemikali ya mwili ya msongo, inayomaliza akiba ya seli hizo. Kung'oa mvi hakuziongezi, lakini huweza kudhoofisha shina hadi upara.

Kinachofaa kupimwa ni mvi za mapema, kwetu Waafrika kabla ya miaka 30. Omba picha kamili ya damu, vitamini B12 na TSH, kipimo cha homoni cha tezi ya shingo. Anayekula mimea mitupu, au anayemeza metformini (dawa ya kisukari) kwa miaka, ana hatari ya kupungukiwa B12. Upungufu ukitibiwa, baadhi ya nywele mpya huweza kurudi nyeusi. Usipokuwepo, vidonge havirudishi kitu. Sigara nayo inahusishwa na mvi za mapema.

Saluni_Ilala

Kwa ndevu, Kaka, ngozi ya kidevu ni nyepesi kuliko ya kichwa. Paka mafuta ya mgando kuzunguka, dakika 10, tazama, ndipo uongeze.

Na anayetaka kuziacha nyeupe: akate fupi ili mpaka wa rangi ya zamani uondoke haraka. Mvi huwa kavu, zinataka mafuta ya nazi au shea, na zikipata umanjano wa moshi au jua, shampuu ya zambarau mara moja kwa wiki.

Mpandamhina

Kabla hujahama kutoka hina kwenda rangi ya tyubu, chukua nywele zilizobaki kwenye kitana, uzitie ndani ya mchanganyiko. Baadhi ya hina za pakiti zimetiwa chumvi za madini, nazo zikikutana na peroksidi huchemka. Nywele zikipata joto au zikigeuka kijani, usipake. Subiri ziote mpya.