Nimchukue paka wa jirani mwenye kisukari?

Mwana_Malindi
Asalaam alaykum wanajamvi. Naomba ushauri, na msinicheke. Jirani yangu hapa Mji Mkongwe, mama wa makamo, anahamia Muscat kwa mwanawe mwezi ujao na paka wake hana pa kumwacha. Dume, amehasiwa, ana kama miaka tisa, jina lake Kijivu. Ana kisukari, anachomwa insulini asubuhi na jioni. Tena ni mwoga ajabu: tumeishi ukuta kwa ukuta miaka yote hii nami nimeona mkia tu ukipotelea uvunguni. Mume wangu yuko radhi. Mama mkwe anasema paka ni wa kutupiwa vichwa vya samaki, si wa kuchomwa sindano. Insulini nayo yataka friji, na umeme wetu mnaujua. Nimchukue?

Nahodha_Mstaafu
Mchukue, ila usimpokee siku ya safari. Anza kwenda kwa jirani jioni hizi, mwenyewe akiwepo. Mwanzo kaa tu sakafuni, usimwite wala usimkazie macho. Kisha chakula umwekee wewe. Mwisho mchome wewe, jirani akisimama pembeni. Ukingoja mpaka mwenyewe apande ndege, utamletea nyumba mpya, mtu mpya na sindano kwa mpigo.

Omba uachiwe kanga aliyoivaa, isifuliwe. Itandike kwenye boksi, umfungie chumba kimoja kwanza. Na uvunguni asivutwe hata siku moja! Mchome akiwa anakula: inua ngozi ya mgongoni, ingiza hapo. Sindano zenyewe nyembamba, wengi hawageuzi hata kichwa.

Bi_Kidawa
Mie wangu namchoma saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Saa 12 jioni usijaribu, magharibi itakukuta na bomba mkononi, na Ramadhani ndiyo kabisa. Na mumeo ajifunze pia. Mtu mmoja peke yake hawezi, siku moja utaugua.

Mwana_Malindi
Ahsanteni. Na umeme ukikatika? Halafu jirani humpa wali na samaki, niendelee hivyo hivyo?

Nahodha_Mstaafu
Umeme ulipopotea Unguja nzima, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, marehemu mama alikuwa akitumia insulini. Tuliitia kwenye chungu, chungu ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga uliolowa. Kwa unyevu wa kwetu hapa haipoi kama bara, lakini ilisaidia. Ukitumia deli la barafu, funga chupa kwa kitambaa isigusane na barafu. Ikiganda, tupa.

Daktari_wa_Mifugo
Wali uondoke, wanga unampandisha sukari. Lakini USIBADILISHE chakula kabla ya kuonana na daktari anayemtibu. Wanga ukipungua, insulini anayohitaji hupungua pia, na dozi ya zamani inaweza kumuua. Paka wengine hufika hata kuachishwa sindano. Samaki mtupu pia hatoshi, tafuta chakula cha kopo cha paka.

Asipokula, usichome, mpigie daktari. Ukiona anayumba, anatetemeka au amelegea, mpake asali kwenye fizi kisha mkimbize kliniki. Akitapika huku hataki kula kabisa, hiyo nayo ni dharura. Na kabla hujasema ndiyo, jumlisha gharama za mwezi: dawa, mabomba, vipimo, chakula.

Bi_Kidawa
Daktari, kuna mtu aliniambia insulini ya wanyama inatokana na nguruwe. Kweli?

Daktari_wa_Mifugo
Ipo inayotokana na nguruwe, ile ya yuniti 40 kwa mililita (U-40) wanayopewa sana mbwa. Glagini, wanayotumia watu na paka wengi pia, hutengenezwa kwa bakteria maabara.

Mwana_Malindi
Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Chupa ni glagini, imeandikwa 100. Kanipa na boksi la mabomba, yameandikwa U-40. Anasema yalibaki kwenye dawa ya mwanzo, yeye siku hizi hutumia mengine.

Daktari_wa_Mifugo
Hilo boksi lirudishe leo leo. Ukivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40, ukafuata mistari yake, Kijivu atapata dozi mara mbili na nusu. Nunua ya U-100 yenye mistari ya nusu yuniti, na mara ya kwanza uvute mbele ya daktari.